Mtu wa Kitambaa na Rafu Yetu ya Vibonzo

Wadogo zangu mnaobaki na chumba cha kusomea, mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa. Nimekubali, kwa sababu macho yangu hayaoni tena herufi ndogo za kwenye viputo vya maneno, na asiyesoma viputo hawezi kutunza vibonzo. Vyeo sitavizungumzia. Sikupanda, kwa kuwa hapakuwa na ngazi. Mshahara nao nauacha, maana hautoshi kujaza sentensi. Nitawaambia habari za vitabu, za katoni, za Afande Kato, na za kitabu kimoja ambacho hakipo rafuni.

Siku ya kwanza nilipewa ufunguo na maboksi. Chama chetu cha wazazi Wakongomani hapa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale kilikuwa kimepokea vitabu vya msaada, na kilitaka mtu anayesoma Kifaransa na Kiingereza kidogo akae navyo ili visiibwe. Mimi nilikuwa nauza maharage sokoni, na maharage yalikuwa hayaendi. Nikafungua boksi. Juu kulikuwa na kamusi nene, kitabu cha sheria za kodi za nchi fulani ya baridi, na kingine cha kutunza farasi. Chini kabisa, kama vitu vya kuzuia maboksi yasiyumbe, kulikuwa na vibonzo: wanaume waliovaa nguo za kubana, wakiruka juu ya maghorofa. Nilivitenga pembeni nikaanza kupanga kamusi.

Akaingia mzee mmoja kukwepa jua. Alichukua kibonzo kutoka kwenye lile rundo la pembeni, akakaa, akafungua. Baada ya muda akacheka peke yake, kisha akanyamaza, kisha akarudi nyuma kurasa kadhaa kuhakikisha kitu. Nilijua hasomi, kwa sababu kitabu kilikuwa cha Kiingereza na yeye hata Kifaransa hakuwa nacho. Nilimuuliza anacheka nini. Akanieleza hadithi nzima, na baadaye nilipoisoma mwenyewe nikakuta amekosea mahali pamoja tu, na kosa lake lilikuwa zuri kuliko kitabu. Siku hiyo hiyo vibonzo vilihamia rafu ya katikati. Kamusi zilipata kazi baadaye: ni nzito, zinafaa sana kukandamizia vitabu vilivyopakwa gundi, na zimeifanya kazi hiyo kwa uaminifu mpaka leo.

Mwalimu wangu katika ufundi huu alikuwa sajini mstaafu wa jeshi la Uganda, Afande Kato, aliyekuwa na kibanda cha vitabu vya mitumba Nyamityobora, kule Mbarara. Wateja wake wakubwa walikuwa wake wa askari wa kambini; waume zao walisoma vibonzo wakiwa lindoni, jambo ambalo Afande alisema halikuwahi kutokea na alilijua vizuri mno. Nilikwenda kwake kutafuta sindano ya kushonea vitabu na uzi wa nta. Alinipa vyote, kisha akanipa kibonzo nikisome mbele yake. Nilianza kusoma viputo kimoja baada ya kingine, kwa heshima, kama niko kanisani. Akakichukua mkononi mwangu.

"Nyabo, mama, wewe nasoma maneno tu," alisema. "Wacha maneno. Pitisha picha yote mpaka mwisho, halafu rudi. Kama picha peke yake haisemi kitu, hiyo kitabu iko bure."

Hilo ndilo somo la kwanza, na naomba mlishike. La pili lilikuwa viatu. Afande hakuamini mchoraji yeyote kabla ya kuangalia viatu. Askari amevuka mto ukurasa huu, ukurasa unaofuata buti zake zinang'aa: Afande anafunga kitabu na kukirudisha kwenye rundo la bei ya chini. Niliporudi Nakivale nikajaribu kipimo hicho kwa wasikilizaji wangu, maana kila Jumamosi niliwasomea watu kwa sauti, nao wakaongeza chao. Wao huangalia watu wanaokimbia vita wamebeba nini. Kama mama anakimbia na mtoto na hana sufuria, wanasema mchoraji hajawahi kukimbia hata mvua. Tulikuwa na riwaya ya picha iliyosifiwa sana nyuma ya jalada, na humo msitu mzima wa wakimbizi haukuwa na sufuria hata moja. Iko rafu ya chini. Mkiwa na muda, ipeni nafasi nyingine.

Kusoma kwa sauti mbele ya watu nilijifunza kwa kukosea. Mwanzoni nilieleza kila picha: sasa anakimbia, sasa anaanguka. Yule mzee wa siku ya kwanza akanisimamisha. "Mama Biblio," akasema, maana ndilo jina walilonipa, kwa kufupisha neno la Kifaransa la maktaba, "siye tunamuona. Utuambie tu yenye anasema." Kosa la pili lilikuwa kuwaachia ukurasa mzima. Waliokaa mbele waliona mwisho kabla ya mwanzo, wakatangaza nani amekufa, na wa nyuma wakataka kupigana nao. Ndipo nilipochukua katoni ya sabuni nikaikata dirisha la ukubwa wa picha moja. Unaiweka juu ya ukurasa, unasoma kiputo, unangoja, unasogeza. Kungoja ndiyo kazi yenyewe. Dirisha likisogea, chumba chote kinasogea nalo.

Sasa maoni yangu, maana najua ndiyo mnayoyataka. Mashujaa wenye nguvu zisizo na mwisho huchosha upesi. Mtu asiyeweza kuumia hana habari ya kunipa. Ni kama kusimuliwa safari ya jiwe. Napenda zaidi wale wanaorudi nyumbani wamechoka. Kina mama wa Jumamosi waliniuliza swali ambalo sijalipatia jibu mpaka leo: nani anafua yale mavazi? Tulikuwa na kibonzo kimoja chepesi, cha hadithi ya kijinga kabisa, lakini humo shujaa anakaa kitandani kushona suruali yake iliyochanika, na mishono imekwenda upande. Kimesomwa mpaka pembe zimekuwa mviringo.

Kuna pia hili la kuvunja miji. Shujaa na adui yake wanapigana, maghorofa yanaanguka, na mwishowe watu wanampigia makofi. Fundi mwashi mmoja aliomba turudi nyuma picha kwa picha. Alikuwa anatafuta wenye zile nyumba wamelala wapi usiku ule. Tulitafuta sote, vichwa vimegusana, na hatukuwapata. Halafu mtu akaona jambo jingine: shujaa mwenyewe hana jirani. Hakuna anayemgongea kuomba chumvi, hakuna anayejua ametoka saa ngapi. Tangu hapo ndicho kipimo changu. Kabla sijauliza shujaa ana nguvu gani, nauliza nani anakaa nyumba ya pili.

Riwaya za picha nzuri zimejaa majirani, na nadhani ndiyo maana nimezipenda uzeeni. Someni ile ya mwanamume anayehamisha vitu vya marehemu mama yake, ambayo kila chumba kina sura yake, na jikoni ndiyo sura ndefu kuliko zote. Msiogope kwamba haina rangi. Wafanyabiashara wa Kikagate, kule mpakani, pia hutuletea majarida ya katuni ya Kiswahili kutoka ng'ambo, Tanzania. Vichekesho vyake ni vikali, ila wasikilizaji wetu husema kila mtu humo anaongea kama mtangazaji wa redio.

Nafika kwenye kitabu cha mtu wa kitambaa. Kilikuja ndani ya gunia kutoka kwa Afande, cha Kifaransa, jalada limeng'oka, kwa hiyo jina lake hatukulijua. Kinahusu mji wa bandari ambao matajiri wake wamewanyang'anya maskini vitu vyao vidogo: sufuria, cherehani, saa ya ukutani. Kuna mtu anayeingia usiku katika nyumba kubwa, anavichukua vitu hivyo na kuvirudisha kwa wenyewe. Kichwa chake amekifunga kitambaa cha kijivu chenye matundu mawili ya macho, bila mdomo. Nilikipenda mara moja. Nilikuwa na hamu ya kujua ni nani katika ule mji, na mchoraji alikuwa hodari wa kunizungusha. Nilikimaliza peke yangu kwanza, kama Afande alivyonifundisha, kisha nikakipeleka Jumamosi.

Jumamosi hiyo alikuja Mama Nabintu kwa mara ya kwanza. Ni mkulima wa mahindi, mjane, hajui kusoma. Wengi waliokuwa majirani zake kwenye kilima chao huko Kivu Kusini ni majirani zake hapa pia. Alikaa karibu na mlango na kikapu miguuni, akasikiliza vizuri, hata akacheka mahali pa cherehani. Halafu tukafika kwenye picha ya ukurasa mzima. Picha ya namna hiyo haiingii katika dirisha; lazima katoni iondolewe. Niliiondoa kwa maringo, kama anayefunua chungu mbele ya wageni. Ilikuwa nyumba ya maskini, usiku, pazia limesogezwa, na kile kichwa cha kitambaa kinachungulia ndani.

Mama Nabintu alisimama, akachukua kikapu chake, akatoka. Nilidhani ana shughuli, nikaendelea, lakini chumba kilikuwa kimepoa, na kabla ya sura kwisha watu wakaanza kuaga.

Siku chache baadaye alinijia Shemasi Bahati, mwenyekiti wa chama chetu. Si mtu mbaya, na naomba msimsome hivyo. Alisema kanisani wanasikitika. Kule kwetu, mtu anayeruka usiku ana jina lake, na jina hilo si shujaa, ni mchawi. Na mtu anayefunika sura usiku ana jina lake pia, na wote tulikimbia kwa sababu yake. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba muda mrefu.

"Mutu mwema anapita ku mulango, muchana, na anasema jina yake."

Nilikasirika, na nikikasirika nakuwa na majibu. Nilimuuliza kama malaika aliyewatokea wachungaji usiku alibisha hodi kwanza. Shemasi hakukasirika. Alinikumbusha kwamba malaika yule alianza kwa kuwatuliza. Wa kitabu changu, ambaye hakuchorwa hata mdomo, alisema nini? Tukakubaliana vibonzo vifungwe sandukuni, ufunguo akae nao yeye, mpaka wazee wa chama waje Jumamosi fulani wasikilize kitabu kimoja nitakachokichagua mwenyewe. Wakiridhika, rafu itabaki. Wasiporidhika, itakwenda kwa wakaanga mandazi, ambao karatasi daima wanaihitaji.

Nilikwenda Mbarara kumuuliza Afande nichague kipi. Nilimweleza yote. Yeye aliuliza jambo moja tu: yule mama alitoka kwenye picha gani. Nikamwambia. Alianza kupanga vitabu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Raia naogopa mtu nakuja usiku nafunika uso," alisema. "Hata mimi na bunduki niliogopa. Lakini huyo mama hakutoka kwa sababu kitabu iko mbaya. Wewe nakwenda kumwambia nini, kwamba hakuona?"

Nilisikia kwamba ananituma nirudi na kitabu kile kile, na sikumtii. Rafu yote ilikuwa hatarini, na mimi nikachagua usalama. Nilichagua kibonzo cha afya ambacho kila kaya hapa imewahi kupewa: familia inayonawa mikono kwa sabuni, na kijana mkaidi asiyenawa, ambaye tumbo linamfundisha. Hakuna giza humo, hakuna kitambaa, na hata viatu ni safi, jambo ambalo peke yake lingetosha kunitia shaka.

Wazee walikuja, na Shemasi alimwalika Mama Nabintu ili aone kwamba amesikilizwa. Akakaa pale pale mlangoni. Nilisoma. Kijana mkaidi akala embe bila kunawa. Nikasogeza dirisha, nikangoja, na hapakuwa na cha kungojea. Wazee waliitikia kwa vichwa. Mmoja alilala. Shemasi alionekana ameridhika, kwa namna mtu anavyoridhika na dawa chungu, na alipokuwa anajiandaa kusema kwamba vitabu vya aina hii vinaweza kubaki, Mama Nabintu akauliza ile nyingine iko wapi, ile ya mtu wa kitambaa. Shemasi alimjibu kwa upole kwamba hatuisomi tena, kwa ajili yake.

"Miye sikumutuma mutu aifunge," alisema. "Nilitokaka juu sikuweza kukaa. Lakini tangu ile siku niko najiuliza. Kama mbele alitosha kile kitambala ku kichwa, nataka kuona sura."

Akaendelea akiangalia kikapu chake, kwa sauti ile ile ya kuuza mahindi.

"Benye balikuja kwetu usiku, bote balifunika sura. Mumoja akaita imbwa yetu na jina yake. Imbwa ikanyamaza, ikamufuata. Bwana wangu akafungua mulango juu imbwa haikulia." Alisogeza kikapu kwa mguu. "Kwa hiyo ni mutu mwenye tulikuwa tunasalimiana naye. Mupaka leo siyue ni nani. Niko naangalia sura za batu ku soko, naziangalia ku kanisa."

Chumbani mlikuwa na wanaume kadhaa wa kilima kile, Shemasi akiwa mmoja wao. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Nilisikia aibu kubwa kwa ajili ya sabuni yangu. Shemasi alikuwa wa kwanza kusogea. Alichukua ufunguo mfukoni, akafungua sanduku mwenyewe, akaninyooshea kitabu.

Nilianza pale alipotoka Mama Nabintu, kwenye ile picha ya ukurasa mzima, kwa sababu nilikuwa nimemwelewa Afande sasa. Niliondoa katoni. Mama Nabintu alikaa. Mikono yake ilishika ukingo wa benchi, lakini alikaa. Nikasoma mbele, na nawaambia ukweli, niliogopa. Mimi nilijua sura iliyo chini ya kile kitambaa. Katika kitabu cha maneno matupu ningeweza kumficha, kuruka mstari, kumpa sura ya kumfariji. Katika kibonzo huwezi. Picha iko mbele yake, anaiona kabla yako.

Mwishoni mtu wa kitambaa anamrudishia bibi mmoja sufuria yake. Bibi hamwogopi. Anampakulia samaki kwenye sahani, na anamwambia kwamba katika nyumba yake hakuna anayekula amefunika uso. Picha zinakuwa ndogo: mkono unapanda, fundo linalegea. Halafu ukurasa mzima tena. Niliondoa katoni.

Ni kijana. Ana chunusi mashavuni na nywele zimelowa jasho. Mchoraji hakumfanya mzuri wala mbaya. Macho yake yako chini, kwenye sahani. Mama Nabintu aliacha kikapu, akaja mpaka mbele, akainama juu ya kitabu karibu sana. Alikaa hivyo muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha, hata yule mzee aliyekuwa amelala.

"Ni kijana tu," alisema.

Baadaye akagusa ukurasa kwa kidole, chini ya yale macho.

"Anasikia haya."

Sharti letu mnalijua: kitabu hakitoki chumbani. Nililiandika mimi na nimegombana na watu wengi kwa ajili yake. Aliponiuliza kama anaweza kwenda nacho, nilikifunga kwenye karatasi nikampa. Rafu ilibaki, haikuhitaji kura. Watu walipotawanyika Shemasi alibaki nyuma, akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei bila nia ya kununua, kitabu kile kinaanzaje. Ilibidi nimsimulie kwa mdomo, na alinisimamisha mara nyingi kuuliza maswali mazuri.

Mama Nabintu hukaa mbele siku hizi. Kila kibonzo kipya kikifunguliwa, anauliza kama huyu tutamwona sura. Nimeligeuza swali lake kuwa kipimo changu cha mwisho, baada ya viatu, sufuria na majirani. Kuna vitabu vinavyofunika uso mpaka mwisho kwa sababu mwandishi hakuwa na uso wa kuweka chini yake, na baada ya kazi hii mtaanza kuvinusa tangu ukurasa wa kwanza.

Nawaachia dirisha la katoni, sindano, na kamusi zote. Gundi pikeni ya unga wa muhogo, na chumvi kidogo kufukuza wadudu. Kwenye rafu ya katikati mtaona nafasi ya upana wa kitabu kimoja. Msiijaze, na msimuulize mtu.

Juzi nilipita kwa Mama Nabintu kumuaga. Kitabu kilikuwa mezani, chini ya kitambaa cha kufuma. Alinipa uji, na hatukukizungumzia. Ana mbwa pale uani, mkubwa, mwekundu, ambaye miaka yote nimemsikia akiitwa kwa mluzi tu, na watu walimcheka kwamba mbwa wake hana jina. Nilipokuwa naondoka nikamuuliza, kwa udadisi wangu ule ule, kama kweli hana. Mama Nabintu aliangalia njia, akanisogelea, akaniambia jina la mbwa sikioni. Hapa sitaliandika.